MGENI SIKU MBILI: JINSI NILIVYOJIFUNZA KUISHI MOMBASA

 Mimi ni yule yule aliyekuwa akisimama mbele yenu katika Chama cha Kiswahili kila Ijumaa alasiri, kifua mbele, nikiwasahihisha waliosema "vitu mingi" na "watoto kubwa". Nilitoka shuleni na alama ya A katika Kiswahili. Walimu walinipongeza, na mamangu akachinja jogoo. Nikadhani kwamba mtu akishakuwa na A ya Kiswahili, hakuna mlango utakaomfungia katika nchi hii. Lo! Kumbe sikuwa nimeona kitu.

Mhariri ameniomba niwaeleze habari za uanagenzi, au atachimenti kama tunavyoiita huko vyuoni. Wengi wenu mtaingia vyuoni baada ya mtihani, na siku moja mtaambiwa mtafute kampuni, mhame, mkaishi katika mji msioujua kwa wiki 12. Nami nitasimulia yaliyonipata mwaka wa 2025 nilipotoka kwetu Nyahururu kwenda Mombasa. Sitaficha kitu, hata yale ya aibu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na macho na bado nilihitaji kuambiwa.

Uanagenzi ni nini?

Katika vyuo vingi vya ufundi, huwezi kupewa cheti bila kufanya kazi kwanza mahali penye kazi halisi. Chuo hukupa barua ya kukutambulisha, nawe unatembea na barua hiyo kama mtu anayeposa, mlango kwa mlango, hadi kampuni moja ikubali. Ukikubaliwa unapewa daftari la kumbukumbu. Kila siku unaandika ulichofanya, na msimamizi wako anatia sahihi. Mwalimu wa chuo naye huja mara moja au mbili kukagua. Daftari lisipotiwa sahihi, wiki zako 12 zimekwenda na maji.

Jambo la pili, na hili walisikie wazazi pia: kampuni nyingi hazimlipi mwanagenzi. Unaenda kujifunza, si kuajiriwa. Kwa hivyo chumba, chakula na nauli vyote ni juu yako. Mimi ninasomea mambo ya uchukuzi wa mizigo, na ndiyo sababu nilitafuta Mombasa. Bandari ya Kilindini ndiyo mlango wa shehena za Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na hata mashariki mwa Kongo. Mwaka wa 2024 ilipitisha kontena zaidi ya milioni 2, zikihesabiwa kwa kipimo cha kontena la futi 20. Nani angetaka kujifunzia pengine? Kampuni moja ya uwakala wa forodha ikanikubali.

Mama aliuza kondoo wawili. Akaongeza akiba yake ya chama cha akina mama, ikawa shilingi 18,000. Alinikabidhi zikiwa zimefungwa katika kitambaa, akasema, "Hizi ndizo zilizopo. Zikiisha, hakuna kondoo wengine wa kuuza." Maneno hayo yakaniganda moyoni kama kupe.

Siku ya kwanza

Nilipanda gari hadi Nairobi, kisha basi la usiku. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 480, na usiku kucha sikupata lepe la usingizi. Treni ipo pia tangu mwaka wa 2017, lakini kituo chake kiko Miritini, bara, wala si kisiwani. Atakayepanda treni akumbuke kuweka pesa za matatu ya kumwingiza mjini.

Nilishuka Mwembe Tayari alfajiri, Alhamisi, nimevaa sweta na jaketi juu yake. Msicheke! Kwetu Nyahururu mtu hutoka nyumbani hivyo. Kabla sijavuka barabara, jasho lilikuwa linanitiririka kama mtu aliyemwagiwa maji. Baadaye nilielezwa sababu. Si jua tu. Hewa ya pwani imejaa unyevu wa bahari, na kwa hiyo jasho halikauki upesi. Jasho lisipokauka, mwili haupoi. Ndiyo maana watu wa huko huvaa nguo nyepesi za pamba, huoga mara mbili au tatu kwa siku, na hutembea taratibu. Sisi wa bara tukiwaona wanatembea hivyo husema ni wavivu. Ni akili hiyo! Mimi niliyekuwa nikikimbia ndiye niliyeumwa na kichwa siku tatu.

Jambo jingine ni mbu. Kwetu kwenye baridi malaria ni nadra, basi miili yetu haijaizoea. Mtoto wa baridi anapokwenda pwani, chandarua ni kitu cha kununua kabla ya godoro. Chukueni neno hilo kwangu.

Jinsi nilivyotapeliwa

Nilifikia kwa binamu wa rafiki yangu kule Changamwe, lakini chumba chake kilikuwa kimoja, naye ana mke na mtoto. Aliniambia kwa heshima kwamba nilale siku tatu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa kutafuta chumba.

Ijumaa nikakutana na dalali. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, maneno matamu kama halua. Akanipeleka kisiwani, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua chumba kizuri chenye dirisha kubwa. Akasema aliyekuwamo anahama siku hiyo hiyo, na mwenye nyumba amesafiri, ila yeye ameachiwa kila kitu. Kodi shilingi 3,500, na dhamana ya mwezi mmoja shilingi 3,500. Jumla 7,000. "Bwana, kuna watu wengine wawili wanakitaka jioni," akasema. "Risiti nitakuletea kesho."

Nikampa. Mkono kwa mkono, noti juu ya noti.

Jumamosi nilifika na mkoba wangu na godoro jipya kichwani. Nikabisha hodi. Mlango ukafunguliwa na mwanamke aliyebeba mtoto, na nyuma yake mezani mumewe akinywa chai. Nikawaeleza. Wakatazamana. Yule mume akasema polepole, "Pole, ndugu yangu. Wewe ni wa tatu mwezi huu." Kufuli ya mlango walikuwa wameibadilisha mara moja tayari. Nikampigia dalali simu. Sauti ya mashine ikaniambia kuwa mteja hapatikani. Nikapiga tena, na tena, na tena. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, godoro ubavuni, nikawaza juu ya kondoo wale wawili. Mmoja alikuwa na doa jeusi shingoni. Nilimlea mwenyewe tangu akiwa mdogo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kabla ya kulipa chumba popote pale, fanyeni mambo manne. La kwanza, waulize majirani: chumba hiki ni cha nani, na nani anakusanya kodi? La pili, muone mwenye nyumba kwa macho yako, au mtu ambaye majirani wote wanamjua kuwa wakili wake. La tatu, lipa kwa simu ili jina la mpokeaji litokee na ujumbe ubaki, wala usikubali kulipa bila risiti. La nne, mtu akikuharakisha, ondoka. Chumba halali hakimkimbii mpangaji.

Nilipiga ripoti katika kituo cha polisi, nikaandikiwa namba. Pesa sikuziona tena. Kwa mama sikusema. Jioni aliponipigia simu nikamwambia, "Niko sawa, mama. Chumba ni kizuri, kina dirisha kubwa."

Nyumba ya Kiswahili

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza mahamri karibu na kivuko cha Likoni. Jumapili asubuhi nilikuwa nimevuka na feri nikizurura tu kutafuta chumba cha bei ya chini upande wa kusini. Nikasimama kwake, nikasema kama tunavyosema kwetu, "Sasa! Nipee chai na mandazi mbili."

Alinitazama. Hakujibu. Akaendelea kugeuza mahamri kwenye karai. Mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwanza mtu huamkiwa." Uso ukaniwaka moto. Mimi, mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili! Nikaanza upya: "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Waonaje hali?" "Njema, mama. Naomba chai na mahamri mawili, tafadhali." Akacheka, akaniongezea bakuli la mbaazi za nazi ambalo sikuwa nimeliagiza. Nikasema ahsante, akanijibu, "Starehe."

Nikamsimulia yote. Alipanguza mikono, akamwachia bintiye karai, akanipeleka mwenyewe kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na chumba kitupu. Kodi shilingi 3,000, bila dhamana. Bi. Mkubwa yule aliniuliza maswali matatu tu: nimetoka wapi, mamangu yu hai, na kama ninalewa. Kisha akaniandikia risiti katika kitabu cha shule.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, na ni vyema mjue imejengwaje, maana wengi wenu mtapanga humo. Mlango wa mbele unafungukia ukumbi mrefu unaopita katikati ya nyumba. Vyumba viko kila upande, na kila mpangaji ana chake. Nyuma ni uani, ambako kuna choo, bafu na mahali pa kupikia, vyote vya pamoja. Nje mbele ya mlango pana baraza ya kukaa jioni. Faida yake ni kwamba mgeni haishi peke yake. Hasara yake ni kwamba hana siri! Viatu huachwa mlangoni. Chakula huliwa kwa mkono wa kulia. Mtu haingii chumba cha mwenzake bila hodi, hata mlango ukiwa wazi. Na ukipika samaki, unapeleka kipande kwa jirani.

Maji yalinishangaza zaidi. Bahari imezunguka kila upande, lakini maji matamu ni ya kununua. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya mji ule hutoka mbali, mengine kule chemchemi za Mzima, na mifereji haitoshi. Visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Siku ya kwanza nilijipaka sabuni nikangoja povu, povu likakataa. Wenyeji hutumia maji ya kisima kwa kuoga na kufulia, na ya kunywa hununua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Mimi nilinunua mtungi kwa shilingi 20. Niliyezoea kuacha bomba likitiririka nikipiga mswaki nikajua kupima maji kwa kikombe.

"Ndoo!"

Jumatatu nikaripoti kazini. Msimamizi wangu alikuwa mzee wa Mombasa wa kuzaliwa, mwenye kofia nyeupe na miwani. Alikuwa amekaa ofisini kwake, nami nimesimama mlangoni. Akanitazama, akasema, "Ndoo!"

Nikaangaza macho huku na huku. Ndoo? Ya nini? Labda anataka nipige deki kwanza. Nikatoka mbio hadi stoo, nikapata ndoo ya plastiki, nikaijaza maji nusu, nikamletea. Ofisi nzima ikaangua kicheko hadi karani mmoja akashika mbavu. Mzee mwenyewe hakucheka. Alisema, "Nimekuita, kijana. Sikukuagiza."

Kumbe katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, "njoo" ni "ndoo"! Baadaye nilijifunza utaratibu wake, na si mgumu. Pale ambapo Kiswahili sanifu kina "nj", mara nyingi Kimvita kina "nd": njia ni ndia, njaa ni ndaa. Na pale ambapo sisi tunasema "ch", aghalabu wao wana "t": mchele ni mtele. Badala ya "anakuja" utasikia "yuwaja". Hayo si makosa. Hicho ndicho Kiswahili alichotungia Muyaka bin Haji mashairi yake zaidi ya miaka 150 iliyopita, kabla ya kuwepo Kiswahili sanifu cha vitabuni. Na jambo la kuchekesha ni kwamba mkutano ulioamua kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanywa mwaka wa 1928 papo hapo Mombasa! Walikutana nyumbani kwa Kimvita, wakachagua Kiunguja.

Nawaambia haya kwa sababu nilikuwa nimezoea kusahihisha watu. Wiki ya kwanza nilithubutu kumwambia karani mmoja kwamba "ndia" si sahihi. Alinijibu kwa upole, "Hiyo lugha ulisomea shule, sisi tumeinyonya." Tangu hapo nikafunga mdomo na kufungua masikio. Ukienda mji wa watu, daftari la kwanza ni sikio.

Feri na saa

Shida iliyotaka kunifukuzisha kazi ilikuwa feri. Mombasa ya katikati ni kisiwa. Upande wa magharibi kuna njia ya Makupa, upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali, lakini kusini, Likoni, watu wengi huvuka kwa feri. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Basi nikapiga hesabu: nyumba iko dakika kumi kutoka kivukoni, kuvuka ni dakika chache, ofisi iko mwendo wa nusu saa. Kazi ni saa mbili kamili. Nikitoka saa moja natosha.

Kumbe hesabu yangu ilikosa kitu kimoja. Mlango ule wa bahari ndio huo huo unaopitiwa na meli zinazoingia Kilindini. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafla kama matatu. Kwa hiyo inapopita, feri hungoja. Asubuhi maelfu ya watu wamejaa, meli inapita polepole kama mlima unaotembea, na wewe unatazama saa. Wiki ya pili nilichelewa mara mbili. Mara ya tatu nilifika saa mbili na dakika arubaini. Mzee akafunga daftari langu bila kutia sahihi, akasema, "Meli ziko hapa tangu kabla ya babu yako. Kesho ukichelewa, usije."

Usiku huo nilifungasha mkoba. Naam, sitawadanganya. Pesa zilikuwa zimebaki shilingi 6,000, na kodi ya miezi miwili iliyosalia ilikuwa 6,000 kamili. Daftari halina sahihi. Niliona afadhali nirudi nyumbani nikachunge.

Bi. Mkubwa aliona taa yangu ikiwaka saa sita za usiku, akabisha hodi. Aliutazama mkoba, asiulize. Akasema tu, "Mwanangu, hapa watu wa kazi huamka na adhana. Nitakugongea."

Akanigongea mlango kabla ya saa kumi na moja. Nikavuka gizani na wauza samaki na walinzi, nikafika ofisini saa kumi na mbili na nusu, mlango ungali umefungwa. Nikaketi ngazini. Mzee alipofika alinikuta pale. Hakusema kitu. Alitoa kalamu, akasimama pale pale ngazini, akatia sahihi ya jana.

Tangu siku hiyo sikuchelewa tena. Kanuni yangu ni hii: katika mji mgeni, usihesabu mwendo, hesabu na kungoja. Na kivukoni msikimbilie feri inayoondoka, hata kama mmechelewa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaa watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Bi. Mkubwa alinisimulia hayo akitazama chini, nami sikumwuliza alimpoteza nani. Feri nyingine itakuja.

Pesa na kazi

Mwisho wa wiki ya kwanza kampuni ilianza kunipa posho ya chakula cha mchana, shilingi 200 kwa siku za kazi. Kwa wengine ni kidogo. Kwangu ilikuwa uhai. Kwa wiki 1,000, kwa wiki 12 ni 12,000. Zile 6,000 nikampa Bi. Mkubwa zote, kodi ya hadi mwisho, ili nisije nikazila. Posho ndiyo ikawa chakula, maji na sabuni. Asubuhi chai na mahamri mawili. Mchana viazi karai na ukwaju. Jioni nilipika mwenyewe, na mara nyingi sahani ilitoka chumba cha jirani kabla sufuria yangu haijachemka. Jumapili nilitembea bure: Mji wa Kale, Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na zile pembe kubwa za barabara ya Moi. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi kibaba changu hakikupungua.

Kazini nilipewa kazi ya kunakili namba za kontena katika kitabu kikubwa. Mwanzoni nilinung'unika. Kisha karani mmoja akanieleza kuwa kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho si ya kubahatisha. Hupatikana kwa kupiga hesabu ya herufi na tarakimu zilizotangulia. Ukikosea hata moja, kwa kawaida hesabu inakataa. Nikapenda mchezo huo. Nikawa napiga hesabu ya kila namba kwa penseli pembeni.

Wiki ya saba nikaona namba moja inakataa. Nikalinganisha hati ya shehena ya mteja na karatasi za forodha tulizokuwa tunataka kuwasilisha. 6 ilikuwa imeandikwa 8. Kitu kidogo, sivyo? Lakini karatasi zisipolingana, kontena halitoki, na kontena likikaa bandarini kupita siku zake, mteja hutozwa ada kila siku. Nikaenda mlangoni kwa mzee nikitetemeka. Akavaa miwani, akatazama, akatazama tena. Akairekebisha. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu."

Wiki saba alikuwa akiniita kijana.

Jioni ile nilimpigia mama simu, nikamweleza ukweli wote: dalali, zile 7,000, godoro barabarani. Simu ikanyamaza kwa muda hadi nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Kondoo huzaa wengine. Kilichoniuma ni kwamba ulikaa na jambo hilo peke yako wiki saba."

Kwa kumalizia

Ndugu zangu, mtaenda Kisumu, mtaenda Eldoret, mtaenda Mombasa na kwingineko. Chukueni barua zenu, vitambulisho, chandarua na pesa za mwezi mmoja zaidi ya mnazodhani zitatosha. Wasalimieni watu kabla ya kuwaomba kitu. Ulizeni majirani kabla ya kulipa. Tokeni mapema. Na likiwapata baya, mwambieni mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo, msingoje wiki saba.

Siku ya mwisho, mzee alitia sahihi ukurasa wa mwisho wa daftari. Bi. Mkubwa alinifungia mahamri ya njiani katika karatasi, na kwa mamangu akampelekea leso mpya. Nilipofika kwenye lango la ofisi kuaga, mzee alikuwa upande wa pili wa ua. Akanipungia mkono, akaita kwa sauti, "Ndoo!"

Nikaenda mikono mitupu.